Ng'ombe Wanane Wasioogeshwa

Shangazi Eugenia, dada yake baba, alikuwa na sharti moja kuhusu mimi na mchumba wangu: tuzungumze tunavyotaka, mradi yeye aione midomo yetu. Kwa hiyo kila Jumamosi, Projest alipokuja kukagua ng'ombe wetu pale majini, shangazi alibeba kikapu alichokuwa anasuka, akakaa hatua hamsini juu ya mteremko, akatutazama. Midomo aliiona. Maneno yalimfikia tu pale tulipopaza sauti, na tulipopaza sauti alisikia neno lile lile moja.

"Vijana wenzao huongea habari za nyumba watakayojenga," alimlalamikia baba. "Hawa wako ni kupe, kupe, kupe. Huyo kijana amekuja kuoa au amekuja kazini?"

Angejua! Mwaka ule wa 1954, katika Mabira yote, sidhani kama kulikuwa na msichana aliyebembelezwa kuliko mimi, na nilibembelezwa kwa habari za kupe.

Projest Kamugisha alikuwa msaidizi wa bwana mifugo. Kwao ni Rugera, kwenye migomba na kahawa. Alikuwa mrefu, mwembamba, kaptula yake ya kaki haikosi pasi hata akitoka safari ya nusu siku kwa baiskeli, na alikuwa na macho ya kusikiliza. Ukimweleza jambo, hata la kipuuzi, aliyatuliza juu yako mpaka umalize. Mimi nilimpenda kwa macho hayo kabla sijajua jina lake.

Lakini sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Baba yangu, mzee Tumwine, alimkataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali kwa masharti: mahari iwe ng'ombe wanane wenye pembe nzuri, na ng'ombe hao wasipitishwe joshoni kabla ya kuletwa. Katika ukoo wetu, siku mahari inapoingia zizini, shangazi wa bibi arusi hunywa maziwa ya mmoja wa ng'ombe hao papo hapo, mbele ya watu, na akishakunywa mambo yamekwisha.

"Dada yangu hatanywa dawa ya Serikali," baba alisema.

Na Projest, ambaye alilipwa mshahara kwa kuwahimiza watu waogeshe ng'ombe wao, aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, waitu," neno letu la heshima kwa mzee. Mtu akipenda hukubali mambo ambayo siku nyingine angeyacheka. Kahawa ya nyumba nzima ya kwao, misimu mitatu, iligeuka ng'ombe wanane kwenye mnada wa bondeni kusini, nchi ya joto. Aliwaswaga mwenyewe kutoka Rugera hadi kwetu, akilala njiani mara mbili, bila tone la dawa. Shangazi akanywa maziwa, akajifuta mdomo, akasema ni mepesi kidogo. Hiyo ilikuwa Machi ya mwaka uliotangulia. Sasa ilikuwa Februari, na ndoa yetu ilikuwa imeshatangazwa kanisani, iwe Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.

Katikati hapo ndipo alipoingia kupe mgeni.

Kupe wetu tuliwajua. Yupo wa kahawia anayekaa masikioni, yupo wa kijivu anayevimba chini ya mkia, na mimi tangu utoto ndiye niliyekuwa nikiwatoa kwenye ndama. Huyu alikuwa mwingine. Alikuwa mkubwa, na mgongo wake ulikuwa na madoa ya dhahabu na wekundu wa ua, mzuri mno kwa mdudu mwenye tabia mbaya vile. Alipenda kiwele. Mdomo wake mrefu ulizama nyamani, na ukimvuta aliacha kidonda kinachooza. Bihogo, ng'ombe ambaye baba alimsifu kwa nyimbo hata mbele ya padri, alipoteza chuchu mbili. Siku ile sahani ya baba ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Amefikaje? Hilo ndilo lililokuwa swali. Daktari wa mifugo wa Bukoba, Mzungu, aliandika waraka kwamba kupe wa madoa huletwa na wanyama wa porini na ndege: nyati wanaovuka Mto Kagera, kanga, yangeyange. Daktari mwenzake wa ng'ambo, Uganda, akamjibu kwa waraka mrefu zaidi kwamba huo ni upuuzi, kupe husafiri juu ya ng'ombe, na ng'ombe husafirishwa na watu. Wawili hao walikuwa wakirushiana karatasi mwaka mzima, na Projest alinisimulia kila karatasi. Baba alikuwa upande wa nyati. Mimi nilikuwa upande wa ndege. Projest alikuwa upande wa ng'ombe, tena peke yake.

Jumamosi ile alishuka kwenye baiskeli, akaiegemeza kwenye hori la udongo la kunyweshea, akavua kofia.

"Habari za tangu juzi, Bibi Ndege?"

"Nzuri, Bwana Ng'ombe. Nimekuwekea zawadi."

Nikafunua jani la mgomba. Ndani yake kulikuwa na kichwa cha kanga. Jirani yetu Kato alimnasa siku iliyopita, na mimi nilimwomba kichwa kabla hakijaingia chunguni. Kwenye ngozi ile isiyo na manyoya walikuwa wamejipanga kupe wadogo, wadogo kuliko punje za ulezi.

Projest alikitazama kichwa, akanitazama mimi. "Wasichana wengine huwapa wachumba wao leso zilizodariziwa."

"Wewe leso ungeipeleka wapi? Hesabu kupe."

Akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama. Kisogo chake kilikuwa karibu nami kiasi kwamba niliona mahali wembe ulipokosea. Niliiweka mikono yangu nyuma, kwa sababu ya shangazi.

"Ni watoto wa kupe wa madoa," akasema. "Umepatia. Sijawahi kukataa kwamba ndege huwabeba wakiwa wadogo. Lakini kanga ataruka mpaka wapi? Kutoka hapa mpaka kile kichaka. Kanga hakutoka bondeni kusini akaja Mabira."

"Yangeyange je? Yule huruka."

"Yangeyange jioni hurudi kulala kwenye mti wake."

"Umemuuliza?"

Alicheka kwa sauti, na juu mteremkoni kikapu kikashuka magotini. Shangazi alikuwa hapendi tucheke. Kucheka hakuwezi kusomwa midomoni.

"Na nyati?" nikaendelea, nimekaza uso.

"Nyati wamevuka mto huo tangu babu zetu hawajazaliwa. Mbona kupe hakuja nao miaka yote hiyo? Mgeni huja na mgeni." Akashusha sauti. "Tena kupe huyu akishashika, Kemirembe, haachii. Hata ukimvuta kwa nguvu, mdomo wake unabaki pale pale."

"Hayo unasema ya kupe?"

"Nasema ya kupe," akajibu, lakini macho hayakuwa kwenye kupe.

"Kupe!" shangazi alikiambia kikapu chake, na sisi tukasikia.

Nilikuwa na furaha asubuhi ile mpaka nikaogopa. Sijui kama umewahi kupendwa na mtu anayebishana nawe kwa heshima. Hakuwahi kuniambia kwamba wanawake hawajui mambo haya. Nilipokosea alinionyesha nilipokosea, na nilipopatia aliandika jina langu kwenye daftari: *Kemirembe binti Tumwine ameona*. Nilimwomba siku moja anionyeshe mistari hiyo, nikaikuta kumi na minne. Barua za mapenzi sikuwahi kuandikiwa, na sikuzihitaji.

"Leo nakumaliza," akasema, akitoa daftari lenyewe. "Nimepita boma kwa boma tangu Krismasi. Tazama."

Alikuwa amechora ramani. Mto huku, vilima kule, Rugera chini, Mabira juu. Na kila boma lililomwona kupe wa madoa alilitia alama ya msalaba kwa wino mwekundu.

"Ndege wangemtawanya huku na huku, si kweli? Kama mtu anayemwaga mtama. Lakini angalia misalaba yangu. Haikutawanyika. Imefuata mstari, na mstari una kona. Ndege hana sababu ya kukata kona. Huyu anayekata kona anakwepa kinamasi, kwa hiyo anatembea kwa miguu. Kuna mtu aliyeswaga ng'ombe njia hii. Nikimpata huyo mtu, yule daktari wa Bukoba atakuwa hana la kusema."

Uso wake uling'aa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kubisha, nikainama juu ya ramani kutafuta kosa. Nikapitisha kidole kwenye misalaba, mmoja mmoja, kutoka chini.

"Boma hili la kwanza, kando ya mto, ni la nani?"

"La mjane mmoja, Stephania."

"Na hili lililo baada ya kinamasi?"

"La katekista. Pale penye kanisa la nyasi."

Kidole changu kilisimama. Ile safari ya mahari alikuwa amenisimulia labda mara ishirini, kwa sababu mimi ndiye niliyeitaka. Nilikuwa naijua kuliko sala ya jioni. Mjane aliyemcheka mwana wa migomba anayeswaga ng'ombe kwa mwavuli. Mvua iliyowanyeshea kwa katekista, na mtamba mwekundu aliyetoroka asubuhi wakamkimbiza hadi kanisani.

"Projest," nikasema. "Usiku wa kwanza mlilala wapi?"

"Usiku gani?"

"Ulipokuwa unaleta mahari yangu."

"Kwa Stephania. Si nilikusimulia alivyo..."

Nilimwona akilitazama daftari lake mwenyewe, akiufuata mstari kutoka Rugera, kona baada ya kona, mpaka ulipoishia, na ulipoishia palikuwa na zizi la baba yangu. Miezi miwili mtu huyu, mwenye akili kuliko wote niliowajua, alikuwa amechora safari yake mwenyewe kwa wino mwekundu bila kuiona. Bila shaka moyo wake haukutaka aione.

"Huenda ni bahati mbaya tu," akasema taratibu. "Huenda kupe alikuwepo hapa kabla."

Ningeweza kumwachia hiyo "huenda". Mungu anisamehe, nilifikiria kumwachia.

"Hakuwepo," nikasema. "Siku ile ile ya mahari, watu walipokuwa wanakula, nilikwenda kuwatazama ng'ombe wako. Kwenye kiwele cha yule mtamba mwekundu kulikuwa na kupe mmoja mwenye madoa ya dhahabu. Sikuwahi kumwona wa namna hiyo. Nilimtoa nikamtia kwenye kiberiti. Mpaka leo yumo, amekauka, chini ya godoro langu."

"Kwa nini ulimweka?"

"Kwa sababu alikuwa mzuri. Na kwa sababu alitoka kwako."

Projest alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Ng'ombe waliendelea kunywa, na kule juu sindano ya shangazi ilikuwa imesimama hewani.

"Andika ndege," nikasema haraka. "Nakuomba. Kichwa cha kanga hiki hapa, ushahidi unao. Daktari wa Bukoba atafurahi, labda hata akupandishe cheo. Baba atasema nyati, mimi nitasema ndege, na baada ya Pasaka mimi nitakuwa mke wako. Nani atakuja kupima kona za mstari wako?"

"Baada ya Pasaka," akasema, "Kato anamwozesha mwanawe wa kiume. Na jirani wa pili mlimani kule, na wa tatu. Mahari zitakwenda kila upande kutoka hapa, na kupe watakwenda nazo. Nikiandika ndege, hakuna atakayeogesha ng'ombe hata mmoja. Kila boma litakuwa na Bihogo wake."

"Na ukisema ukweli hakuna harusi. Shangazi anatafuta neno moja tu, na wewe unataka kumpelekea kitabu kizima."

"Najua."

"Unajua, na bado utasema?"

Alinitazama kwa yale macho yake. "Nikikuoa kwa uongo, Kemirembe, kila nikiona ng'ombe mwenye chuchu mbili nitageuza uso. Na wewe utaniona nikigeuza. Siku moja utachoka kumwona mume anayegeuza uso."

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimchukia kwa muda wa kumeza mate mara mbili tatu. Halafu nikagundua kwamba nampenda kuliko nilivyompenda asubuhi ile, na jambo hilo liliniudhi zaidi, nikaanza kulia.

Shangazi alikuwa ameshafika. "Leo mbona midomo imesimama?" akauliza. "Kupe wamekwisha?"

Projest alikuja nyumbani kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Hakuja na mshenga wala mjomba. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa zizi, shangazi kwenye mkeka wake, nami nilikaa nyuma ya baba, mahali pa binti ambaye habari zake zinazungumzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe. Keti."

Hakuketi. Alipiga magoti kwenye vumbi, na ile kaptula ya pasi, akaeleza yote. Alieleza mnada wa bondeni, usiku wa kwanza na wa pili, misalaba na kona. Nilipoona amefika mahali pa kiberiti na anakiruka ili kunikinga, nilikitoa nikakiweka mbele ya baba nikakifungua. Baba alimtazama yule mdudu mkavu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo si nyati," akasema.

"Si nyati, waitu. Ni mimi. Nimemleta mimi."

Shangazi Eugenia alipiga makofi mara moja. "Nilisema! Tangu siku ya maziwa nilisema! Watu wa migomba wanajua nini habari za ng'ombe? Mahari yenye ugonjwa inarudishwa, Tumwine, hata mtoto mdogo anajua hivyo. Kesho alfajiri wanane wale warudi Rugera, na padri aambiwe afute tangazo."

Baba alikuwa anamtazama Projest. "Wewe kazi yako ni josho. Nilipokukataza kuwaogesha, ulijua hatari yake?"

"Nilijua."

"Mbona hukubishana nami?"

"Ulikuwa umenikataa mara mbili, waitu. Niliogopa ya tatu."

"Hmm," baba akasema, akajikuna kidevu. "Basi kosa hili lina baba wawili."

"Usijitwike mzigo wa watu!" shangazi akasema. "Ng'ombe warudi kwao."

Usiku uliopita sikuwa nimelala, na katika kutolala huko nilikuwa nimeyarudia maneno ya Projest ya mwaka mzima, neno kwa neno, nikitafuta mlango. Sasa niliuona. Kwetu binti haongei kwenye kikao cha mahari yake. Nikaongea.

"Hawawezi kurudi, shangazi."

Baba aligeuka nyuma kana kwamba kigoda chake ndicho kilichosema.

"Mwulizeni bwana mifugo," nikaendelea kabla hawajanizuia. "Kupe akishashiba huanguka wapi?"

Projest alinitazama, haelewi. "Popote ng'ombe alipo. Njiani, malishoni, bomani."

"Mahari ilipokuja, kupe walikuwa wangapi?"

"Wachache. Labda mkono mmoja."

"Na leo, zizini humu?"

"Hawahesabiki."

"Wakirudi Rugera watalala njiani mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwa Stephania na kwa..." Hapo akaanza kuelewa, nikaona macho yake yakipanuka.

"Kwa hiyo, shangazi, mwaka jana tulimpelekea yule mjane kupe wachache kwa kutojua. Kesho unataka tumpelekee zizi zima kwa makusudi?"

"Waogeshwe kwanza ndipo warudi," shangazi akasema. Hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi.

"Josho lipo mwendo wa siku nzima," Projest alisema. "Wakienda huko ni kutembea vile vile, kupe wataanguka njiani. Nitawaosha hapa hapa kwa pampu ya mkono, waitu, wote, wako na wangu. Nitakuja kila Alhamisi, mimi mwenyewe. Lakini waliomo kwenye nyasi huvumilia njaa hata mwaka na zaidi, na wataendelea kuwapanda. Ng'ombe yeyote asitoke kwenye malisho haya mpaka masika mawili yapite."

"Mawili," baba alirudia.

"Mawili, waitu. Ya mwaka huu na ya mwaka ujao."

Baba aliinuka, akaliegemea lango la zizi, akawatazama wale wanane wenye pembe nzuri waliokuwa wakicheua pamoja na wa kwake.

"Eugenia," akasema, "ng'ombe wa kijana huyu watakaa kwangu masika mawili. Watazaa kwangu. Nitakunywa maziwa yao. Na binti yangu pia akae kwangu? Nikipita sokoni watu wataniitaje? Tumwine aliyekula mahari na binti akamficha ndani? Sijafika huko."

Niliona mabega ya Projest yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo, na kidogo nicheke.

Lakini shangazi alikuwa bado na mshale mmoja. Hakuurusha kwa hasira. Aliusema polepole, karibu kwa huzuni, na kwa hiyo uliingia ndani zaidi.

"Vizuri. Ng'ombe hawatoki. Basi hawatoki wote. Hata yule wa kumsindikiza Kemirembe."

Sikuwa nimefikiria hilo. Katika kutolala kote kule sikuwa nimelifikiria. Kwetu binti haondoki kwa baba yake mikono mitupu. Mbele yake hutembea ng'ombe mmoja wa maziwa, ili huko aendako, kwenye nyumba ya watu asiowazoea, asubuhi anywe maziwa ya kwao. Bila huyo unajiona umetupwa. Nilimgeukia Projest. Sema mmoja haidhuru, nilimwomba kwa macho. Mmoja tu, aliyeoshwa vizuri, nani atajua?

Alikuwa amepauka.

"Hata huyo," akasema. "Hata mmoja."

"Kwenu Rugera kuna ng'ombe?" baba akamuuliza.

"Hakuna, waitu. Tuna migomba, maharage na kahawa. Wote tuliowahi kuwa nao wako humu zizini."

"Binti yangu hajapitisha siku bila maziwa tangu azaliwe."

"Najua, waitu."

"Hata alipougua surua. Mama yake, Mungu amrehemu, alimpa maziwa tu, hakumpa kitu kingine."

"Najua. Ameniambia."

Wote watatu walinitazama, na nikaelewa kwamba sasa hakuna waraka wala daftari, ni mimi. Nilifikiria asubuhi za Rugera, ukungu kwenye migomba, jiko la mama mkwe nisiyemjua, mkono wangu ukitafuta kibuyu ambacho hakipo. Iliniuma, sitadanganya. Halafu nikamtazama yule mtu aliyepiga magoti vumbini. Jana alikuwa tayari kunipoteza kwa ajili ya ng'ombe wa watu wengine, na sasa hakuthubutu kuniomba niache kikombe cha maziwa.

"Projest," nikamwita kwa jina, mbele ya baba yangu, kwa mara ya kwanza. "Kwenu asubuhi mnakunywa nini?"

"Uji," akasema kwa shida. "Uji wa ulezi."

"Mtamu?"

"Mama akiwa na furaha hutia asali."

Nikavuta pumzi. "Basi, baba, mimi nitakunywa uji."

Baba aliweka kiganja chake kichwani kwangu, akakiacha hapo. Projest akalia, machozi ya wazi, mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo kwetu mwanamume hafanyi, na baba hakumkemea kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ameuelekeza uso wake zizini na anapitisha mkono machoni.

Shangazi Eugenia alikung'uta mkeka wake, akaukunja, akaukunjua tena.

"Huo ulezi," akamuuliza Projest bila kumtazama, "mnausaga vizuri, au mtoto wangu mtamlisha mchanga?"

"Tunausaga mara mbili, shangazi," akajibu.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, na shangazi akaitika.